Ulinzi wa Kuku Mjini Waanzia Jaani

Waulize akina mama wa Kisauni, Likoni au Changamwe kwa nini wameacha kufuga kuku. Wengi niliozungumza nao hawaanzi na bei ya chakula, wala hawaanzi na kideri. Wanaanza na kunguru. Koo anaangua vifaranga kumi, wiki ya pili anatembea na wawili.

Wapo wanaoliona jambo hili dogo mno kuandikiwa makala. Mimi silioni hivyo. Kuku wa nyuma ya nyumba ni akiba ya mtu asiyekuwa na akaunti ya benki. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za mtihani, kuku anauzwa. Mgeni akibisha hodi saa sita mchana, kuku anachinjwa. Ramadhani ikikaribia, mwenye kuku watano wakubwa ana mahali pa kuanzia. Akiba hiyo inanyakuliwa mchana kweupe, na sisi tunaona ni kawaida ya mji.

Kunguru huyu si wa kwetu. Ni kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, utawala wa Kiingereza ukitaka ndege wa kula taka za mji. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Leo ametapakaa Pwani nzima, anaharibu viota vya ndege wa asili na kula mayai yao. Kwa mfugaji, hatari kubwa ni wiki sita hivi za mwanzo za kifaranga. Kunguru huja wawili au zaidi: mmoja anamchokoza koo, na koo akigeuka kupigana, mwenziwe ananyakua.

Juni 2024, Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Njia iliyotajwa ni sumu iitwayo Starlicide, ambayo huchanganywa na nyama. Haimuui kunguru papo hapo. Anakula, anaruka, anakwenda kufia kwengine. Hilo ni muhimu kwa sababu kunguru ni ndege mwerevu: akimwona mwenziwe akianguka kwenye chakula, hakigusi tena. Mwisho wa 2024 umepita, na kunguru bado wanatuamsha alfajiri.

Siupingi mpango huo. Hata kwa upande wa dini, hadithi ya Bi Aisha (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim inawataja kunguru na mwewe, pamoja na nge, panya na mbwa mkali, kuwa miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika eneo la Haram. Swali langu ni jengine: tukishawaua, nini kitawazuia wasirudi? Sumu hii iliwahi kutumika Kenya zaidi ya miaka 20 iliyopita na kunguru wakapungua. Unguja nao waliwapunguza sana miaka ya 1990. Kampeni zilipokoma, ndege wakajaa upya, kwa sababu chakula chao kilikuwa bado kipo.

Chakula hicho ni taka zetu. Matumbo ya samaki sokoni, mabaki ya vibanda vya chakula, majaa ya mitaani yanayokaa siku nyingi bila ya kuzolewa. Jaa hilohilo ndilo linalolisha panya buku, na ndilo linalowakusanya paka shume. Wote hao wakishashiba jaani na kuzaana, wanahamia kwenye banda lako. Kwa hivyo anayefunga banda lake vizuri huku jaa liko hatua thelathini kutoka mlangoni, anapigana na jeshi linalopewa posho kila siku.

Hapo ndipo serikali za kaunti zinapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti uzoaji wa taka na majaa, ufugaji, na udhibiti wa wanyama. Yote matatu yako chini ya paa moja. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka taka zinazooza zitengwe na zile zisizooza. Ingetekelezwa sawasawa, mabaki ya samaki yasingelala wazi yakiwangoja kunguru. Tunaposikia ofisi ya mifugo ikihimiza akina mama wafuge, huku idara ya mazingira haizoi jaa la mtaa huo huo, tujue mkono mmoja unabomoa kinachojengwa na mwengine.

Hata hivyo, kifaranga hawezi kuingoja kaunti. Yapo mambo ambayo kila mwenye uwanja mdogo anaweza kuyafanya. Waya wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini hauwazuii panya na nguchiro wasiingie. Sehemu ya chini ya banda inataka waya mgumu wenye matundu ya nusu inchi, uzikwe kama futi moja ardhini ili mnyama asichimbe akapita chini yake. Juu pafunikwe. Sisi watu wa Pwani hatukosi nyavu kuukuu za uvuvi, na wavu uliotandazwa vizuri unawazuia kunguru na mwewe. Vifaranga wakae ndani au chini ya tenga mpaka wapite hizo wiki za hatari. Chakula kilichobaki kiondolewe kabla ya Magharibi, maana ndicho kinachowaita panya usiku. Mlango uwe na komeo la kweli. Kipande cha kamba si komeo.

Na tusitege sumu ya dukani. Mitaani kuna mtindo wa kupaka nyama dawa ya panya au ya kupe, ukaiacha uani usiku. Kunguru mwerevu huenda asiiguse. Ataila paka wa jirani, au kuku wako mwenyewe, na watoto wanacheza papo hapo. Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Paka wa jirani asiyezuilika, dawa yake ni waya mzuri na mazungumzo ya kijirani. Starlicide nayo ni kazi ya wataalamu wenye idhini, si ya mtu binafsi.

Vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti huja kila mwaka, na wengi wetu hatuendi. Safari hii tuende, na tumuulize mwakilishi wadi maswali matatu tu. Jaa la mtaa wetu litazolewa mara ngapi kwa wiki? Soko la samaki litapata lini mapipa yenye vifuniko? Na kaunti itachangia nini katika kuwapunguza kunguru mwaka baada ya mwaka, badala ya kungoja tangazo jengine kutoka Nairobi? Akina mama wanaofuga wawe mstari wa mbele siku hiyo, kwa maana wao ndio wanaojua hasara hii kwa hesabu ya vifaranga.