Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wiki moja ya Kiingereza iwekwe mlangoni mwa Kidato cha Kwanza

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: UFADHILI WA KOZI ZA WIKI MOJA ZA KIINGEREZA KWA WANAFUNZI WA SHULE ZA SERIKALI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu aina moja ya msaada wa elimu inayowavutia wahisani: ufadhili wa kozi ya wiki moja ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyechaguliwa hulipiwa kila kitu, akaenda kukaa na wenzake mahali pamoja, na tangu chai ya asubuhi hadi wakati wa kulala wote huongea Kiingereza tu. Nchini Hispania, Wizara ya Elimu imekuwa ikiwafadhili wanafunzi wenye misaada ya masomo wahudhurie kozi za namna hii katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Menéndez Pelayo: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 40 za masomo, malazi na chakula vikiwa vimelipiwa. Ni wazo jema, na si ajabu likatajwa kama dawa ya udhaifu wa Kiingereza katika shule zetu. Hoja yangu ni moja. Wiki hiyo ina thamani, lakini thamani hiyo hupotea ikitolewa kama zawadi kwa mtoto mmoja mmoja. Itazaa matunda ikiwekwa mlangoni mwa Kidato cha Kwanza, ikapewa kundi zima la watoto pamoja na walimu wao, na ikafuatiwa na miezi ya kusoma.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hujifunza Hisabati, Sayansi na masomo mengine kwa Kiswahili hadi anapomaliza darasa la saba. Ukimuuliza mwezi Septemba mmea unajitengenezeaje chakula, atakueleza habari za mwanga wa jua, maji, hewa ya kabonidayoksaidi na umanjano wa jani lililokosa mwanga. Januari anaingia Kidato cha Kwanza na kuikuta mada ileile ubaoni kwa Kiingereza. Anainakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, herufi kwa herufi, bila kuweza kuisoma kwa sauti wala kuieleza. Mwalimu anasoma sentensi, anaacha neno la mwisho, darasa zima linalimalizia kwa pamoja, na somo linahesabiwa kuwa limeeleweka. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya waliokuwa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza ndipo yaanzie. Tangu wakati huo sekondari za kata zimejengwa kila pembe ya nchi, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa kuanzia 2016, na mwaka 2024 pekee watoto zaidi ya laki tisa walifaulu mtihani wa darasa la saba. Mlango umepanuliwa sana, jambo ambalo Serikali inastahili kupongezwa, lakini kizingiti cha lugha kimebaki palepale.

Je, wiki moja inaweza kukiondoa kizingiti hicho? Hesabu inakataa. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza inayofanywa duniani kote, wanakadiria kwamba anayeanza sifuri huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili afike ngazi ya B1, ambayo ni ya kujieleza katika mambo ya kila siku, na saa 500 hadi 600 ili afike B2, anapoweza kufuata hoja ndefu na ngumu. Saa 40 ni sehemu ya kumi tu ya safari ya kwanza. Tazama pia upande wa pili. Taasisi ya Marekani inayowaandaa wanadiplomasia wake imetenga takriban wiki 36 za darasani kwa mtu anayejifunza Kiswahili. Ikiwa mtu mzima mwenye shahada, anayelipwa mshahara akiwa darasani, hupewa wiki 36 ili aimudu lugha yetu, hatuwezi kumpa mtoto wa miaka 13 wiki moja na kutarajia asome Fizikia kwa lugha ya mtu huyo. Hata programu iliyoupa umaarufu utaratibu huu wa kuwazamisha watoto katika lugha ya pili, ile ya St. Lambert katika jimbo la Quebec, Kanada, mwaka 1965, ilianza na watoto wa chekechea na kuendelea nao mwaka baada ya mwaka.

Hayo hayamaanishi kwamba wiki hiyo ni bure. Iko kazi moja inayoifanya vizuri kuliko kipindi cha dakika 40: inamfungua mtoto mdomo. Wanafunzi wetu wengi wanajua maneno mamia kadhaa ya Kiingereza lakini hawathubutu kuyatumia, kwa sababu darasani lugha hiyo ni ya kusahihishwa na kuchekwa. Kambini mtoto huomba chumvi kwa Kiingereza, hubishana kuhusu goli, husimulia hadithi ya bibi yake, na kugundua kwamba sentensi yake, pamoja na makosa yote, imeeleweka na chumvi imeletwa. Ujasiri huo una thamani kubwa. Ila hauhifadhiki wenyewe. Akifunguliwa mdomo Ijumaa, na Jumatatu akarudi kwenye darasa la kumalizia maneno kwa pamoja, atanyamaza tena kabla muhula haujaisha.

Ndiyo maana wanaolijua jambo hili hawaishii kwenye wiki. Serikali ya Marekani ilianzisha mwaka 2004 programu ya Access, iliyofadhili Kiingereza kwa vijana wa miaka 13 hadi 20 kutoka familia za kipato cha chini katika nchi nyingi. Muundo wake ulikuwa saa zisizopungua 360 katika miaka miwili, masomo ya baada ya shule yakienda pamoja na vipindi vya mkazo wakati wa likizo. Huko Fiji, kuanzia 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 katika kila darasa walilolichagua kwenye shule za vijijini, na kuwaomba walimu wahakikishe vinasomwa kila siku. Baada ya miezi minane, watoto hao walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza Kiingereza kwa kasi karibu mara mbili ya kawaida. Hawakupelekwa kambini wala hawakupewa cheti. Walipewa vitabu vinavyosomeka, na muda wa kuvisoma. Wiki ya kambi ikifuatiwa na sanduku la vitabu kama hivyo, ujasiri utapata chakula. Pasipo vitabu, tutakuwa tumelipia picha ya pamoja.

Wapo watakaosema fedha ni chache, kwa hiyo ufadhili uende kwa wachache walio bora. Hoja hii inaonekana ya haki, lakini ukiwapima watoto kwa usaili wa Kiingereza, atakayeng'ara ni yule aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, au ambaye mzazi wake alimlipia masomo ya prifomu wani baada ya mtihani wa darasa la saba. Ufadhili utakuwa umemfuata aliyekwisha kufadhiliwa na familia yake. Mtoto wa mkulima wa Nanyumbu au wa mvuvi wa Kilwa, ambaye miezi hiyo yuko shambani au ufukweni, hatafika hata kwenye orodha ya usaili. Zaidi ya hayo, lugha inataka mtu wa kuongea naye. Mtoto mmoja akirudi peke yake kutoka kambini hana wa kumjibu. Watoto 40 wa kata moja, wanaokwenda sekondari moja, watajibizana njiani, uwanjani na darasani, na wataendelea kufanya hivyo hata mhisani akishaondoka.

Kundi hilo liende na walimu wake, na simaanishi mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mzigo wa lugha uko zaidi kwenye Baiolojia, Jiografia na Hisabati, kwa walimu ambao nao walipita kizingiti hikihiki bila msaada. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, ilianza kwa kuwapa walimu kozi fupi za likizo, na baadaye ikalazimika kuweka washauri wa kukaa nao shuleni na kuwasaidia kazini. Funzo kwetu ni kwamba kozi fupi, kwa mwalimu kama kwa mwanafunzi, inahitaji mtu wa kuiendeleza baada ya kufungwa.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na yote haya badala ya kufundishia kwa Kiswahili. Swali hilo ni halali. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982, na pendekezo halikutekelezwa. Utafiti wa LOITASA kuhusu lugha ya kufundishia, ulioanza 2002 na kuwahusisha wasomi kama Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, umeonyesha kwamba wanafunzi wa sekondari hushiriki na kuelewa zaidi somo linapoendeshwa kwa Kiswahili. Naiunga mkono hoja hiyo bila kusita. Lakini mjadala huu umechukua zaidi ya miaka 40, na mtoto atakayeripoti Januari hawezi kuusubiri uishe. Tena, hata siku Kiswahili kitakapopewa nafasi yake sekondari, Kiingereza kitabaki kuwa somo linalostahili kufundishwa vizuri. Kumsaidia mtoto wa leo hakumzuii yeyote kudai sera bora kwa mtoto wa kesho.

Naomba pia kambi hizi zisiwe mahali pa kukiadhibu Kiswahili. Kumvisha mtoto kibao shingoni au kumtoza faini kwa sababu ameongea lugha ya mama yake ni kumfundisha aibu, na mtoto mwenye aibu haongei lugha yoyote. Muda wa kuongea Kiingereza tu uwepo, uwe mrefu na wa kufurahisha, lakini mtoto aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili pale alipokwama. Taasisi ya Elimu Tanzania imeshiriki, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vya Dodoma, Aga Khan na Bristol, katika kubuni vitabu vya Kidato cha Kwanza vyenye Kiingereza chepesi na maneno magumu yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Vitabu hivyo vinaonyesha kwamba ujuzi alionao mtoto kwa Kiswahili ni ngazi ya kupandia.

Wizara inaweza kunijibu kwamba Kidato cha Kwanza tayari kina wiki za mafunzo ya awali ya Kiingereza. Ni kweli, na utaratibu huo ulindwe. Tatizo lake ni wakati. Januari ni mwezi wa usajili, sare na madawati. Wengine wanaripoti mapema, wengine baada ya wiki kadhaa, na walimu wanasukumwa waanze mada. Lakini kati ya mtihani wa Septemba na Januari kuna takriban miezi minne ambayo mtoto hana shule, na chumba alichokuwa akisomea darasa la saba kiko wazi. Kambi ya kutwa inaweza kufanyika humo, katika kata yake mwenyewe, watoto wakipata uji asubuhi na chakula cha mchana, kisha jioni wakarudi nyumbani. Fedha ambayo ingelipia vitanda na mabasi ya watoto wachache inunue vitabu na posho ya walimu kwa ajili ya wengi. Jambo hili ni la haraka zaidi sasa, kwa kuwa sera mpya inapunguza elimu ya msingi hadi miaka sita, na mtoto atafika sekondari akiwa mdogo kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, naomba Wizara yako, kwa kushirikiana na TAMISEMI, itoe mwongozo kwa kila mhisani, halmashauri au taasisi inayotaka kufadhili wiki ya Kiingereza katika shule za Serikali. Mwongozo uelekeze kwamba ufadhili utolewe kwa kata na sekondari yake badala ya mtoto mmoja mmoja, na uanze na maeneo yasiyo na masomo ya prifomu wani. Wiki hiyo ifanyike kabla ya Januari, walimu wa masomo mbalimbali wa sekondari inayowapokea watoto wakiwemo. Kila kundi lirudi na vitabu vya hadithi vya kusoma kwa miezi sita isiyopungua. Watoto wapimwe siku ya kwanza, siku ya mwisho, na tena mwishoni mwa muhula wa kwanza, na matokeo yatangazwe, ili tujue kilichobaki baada ya vyeti kutolewa. Mhisani asiyekubali masharti haya ashukuriwe kwa nia yake njema na aombwe anunue vitabu. Watoto watakaofanya mtihani Septemba ijayo wako darasani leo. Muda wa kuwaandalia wiki hiyo bado upo, nakuomba usiuache upite.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi na mdau wa elimu.