Kabla hujanunua bodi mama nyingine

Kompyuta niliyojiundia nyumbani ilikuwa ikiwaka, feni zinazunguka, halafu baada ya sekunde nne hivi, kimya! Fundi mmoja hakuifungua hata kifuniko. Akasema bodi mama imekufa, nitafute nyingine. Jamani, huko ni kubahatisha kwa pesa za mwenzako.

Hesabu zile sekunde. Ukiishikilia swichi ya kuwashia kwa takriban sekunde nne, kompyuta hujizima, ndivyo ilivyoundwa. Swichi yangu ilikuwa imekwama ndani. Nilichomoa waya zake kwenye bodi, nikaziunganisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja tu. Ikawaka, na haikuzima tena.

Yako ikizima baada ya dakika kadhaa, hilo ni jambo jingine: anza na feni ya prosesa.