JEMBE PEKE YAKE HALITOSHI



Sisi wa Keko tunakaa mjini, lakini wengi wetu hatujaacha kilimo. Mmoja ana shamba Mkuranga, mwingine Kisarawe. Mwingine humpelekea mama yake kijijini fedha za palizi. Kwa hiyo habari ya magugu ni habari yetu.

Liko gugu moja baya kuliko mengine. Jina lake ni kiduha. Ni mmea mdogo wenye maua mazuri, mekundu au ya zambarau. Huota kando ya mahindi, mtama, ulezi au mpunga wa nchi kavu. Mahindi yenye kiduha hudumaa na kunyauka, hata kama mvua imenyesha.

Wako wanaoona hivyo wakasema shamba limerogwa. Hapo jirani asiye na kosa huanza kutazamwa kwa jicho baya. Mimi nasema tusitafute mchawi. Mwizi yumo ardhini, na tukijua anavyoiba tutamshinda.

Kiduha huibaje? Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 bila kufa. Haziamki ovyo. Zinangoja. Mizizi ya mahindi hutoa kemikali kidogo kidogo udongoni. Kwa kemikali hizo mbegu ya kiduha hupata habari kwamba chakula kipo. Basi huamka, hujishika kwenye mzizi wa mahindi na kunyonya maji na chakula.

Sehemu kubwa ya hasara hutokea kabla hujakiona kiduha juu ya ardhi. Ukingoja kukiona ndipo ushike jembe, umechelewa. Unamkamata mwizi aliyekwisha kula.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kiduha huongozwa na kemikali za mizizi. Basi na sisi tukipige kwa kemikali za mizizi.

Jambo hili si geni. Nenda ufukweni utazame chini ya mivinje. Pale majani yake makavu yalipotanda, nyasi huota kwa shida. Kivuli ni sababu moja. Kemikali zilizomo katika majani hayo ni sababu nyingine. Mtama nao hutoa mizizini kemikali inayodumaza magugu madogo. Mimea haina mikono, lakini inajua kugombea nafasi.

Wataalamu wa kituo cha ICIPE huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, walitafuta njia ya kumzuia bungua wa mabua. Walishirikiana na watafiti wa serikali ya Kenya na wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake ifukuze nondo wa bungua. Wakaona jambo la pili: kiduha nacho kilipungua sana.

Sababu iko mizizini. Desmodiamu hutoa kemikali inayoiamsha mbegu ya kiduha. Hutoa pia kemikali nyingine inayozuia kijizizi cha kiduha kisifike kwenye mahindi. Mbegu iliyoamka bila kupata chakula hufa. Hivyo kila msimu akiba ya adui ardhini hupungua. Kazi hiyo jembe haliiwezi.

Njia hii huitwa sukuma-vuta. Wakulima wa Tarime, mkoani Mara, nao wameitumia.

Kwa wenye kulima mtama, mwaka 2002 nchi yetu ilitoa mbegu mbili zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi. Mizizi yake hutoa kidogo sana ile kemikali ya kuamsha kiduha. Ni kama mtu anayepika bila kutoa harufu. Mwizi hupita bila kujua. Mtaalamu Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya mtama wa namna hii.

Najua wako watakaosema, "Desmodiamu hailiwi na watu. Kwa nini nipoteze nafasi?" Hupotezi nafasi. Hupandwa katikati ya mistari, na mahindi hubaki mahali pake. Ikisha kushika hudumu miaka mingi. Hurutubisha udongo, na majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Mbegu zake ni za kununua, lakini shina lake likikatwa na kupandwa huota. Jirani mmoja akianza, wengine watapata kwake.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, faida haionekani yote katika msimu mmoja. Endelea kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu, na punguza desmodiamu isiyasonge mahindi. Pili, usichemshe kila jani ukanyunyizia shambani. Tumbaku ni mmea, lakini maji yake ni sumu kwa mtu.

Palizi mara nyingi huachiwa akina mama na watoto. Mtoto akikosa shule kwa ajili ya palizi, kiduha kimeiba mara mbili. Basi kabla ya kulima, mwulize bwana shamba au bibi shamba aina ya desmodiamu inayofaa ardhi yako. Anza na kipande kidogo, ukilinganishe na kile kisicho na desmodiamu. Macho yako yatakuwa shahidi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kung'oa kiduha peke yake hakutoshi?
2. Desmodiamu huipunguzaje akiba ya mbegu za kiduha ardhini?
3. Katika nyumba yako, nani hupalilia? Je, ni haki?