Malezi ya Watoto: Chuo Ndani ya Nyumba



Mwezi huu tumeletewa barua ndefu na mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, akaaye sasa na mumewe na watoto wao watatu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Watoto hao hawaendi skuli. Mama yao ndiye awasomeshaye nyumbani, na baba yao, ambaye kazi yake ni ya usiku, huwasomesha hisabu kila aamkapo. Ametuandikia mambo yote ya wiki yao ya mwisho ya masomo kabla ya likizo ya majira ya baridi, khalafu akatuuliza suala ambalo twaliona ni zito. Amechoka, asema, na wakati haumtoshi. Ataka kupunguza somo moja utakapoingia mwaka mpya, naye afikiri kuliacha somo la Kiswahili ili Qur'ani na Kiingereza vipate nafasi. Je, atakuwa amefanya vyema?

Kabla ya kumjibu yatupasa tueleze kwanza huku kusomesha nyumbani, maana wako watakaostaajabu. Katika Marekani sheria yaruhusu jambo hilo katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Ohio ilibadilisha masharti yake mwaka 2023. Mzazi humpelekea msimamizi wa skuli za wilaya yake taarifa kila mwaka, na hulazimika kumsomesha mwanawe Kiingereza, hisabu, sayansi, tarekhe, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Dini haimo katika orodha hiyo, wala Kiswahili hakimo. Hayo mzazi huyatia mwenyewe kwa himma yake. Huku kwetu Kenya mambo ni mbali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mwanawe skuli, basi mtu asiyachukue maneno yetu akenda kumtoa mtoto darasani.

Lakini tusidhani ya kuwa kusoma nyumbani ni jambo geni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wake mnamo mwaka 1858, alikuwa akifanya nini kama si kusomesha nyumbani? Na Sayyida Salme binti Said wa Unguja alifundishwa kusoma Qur'ani katika majumba ya baba yake, ila kuandika hakufundishwa. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani huo ndio uliokuwa ubao wa siku zile.

Turejee Columbus. Sisi huku Disemba ni kaskazi na jasho. Wao ni theluji. Jua lao huchomoza saa mbili kasoro dakika kumi hivi, na huchwa saa kumi na moja na dakika kumi, hata adhuhuri na alasiri zikawa karibu kushikana mikono. Mama huyu aliutumia ufupi wa mchana kwa kulipa saumu zake za kadhaa siku ya Jumatatu na Alkhamisi, maana mfungo wa huko siku hizo hauzidi saa kumi na moja. Twamsifu kwa hilo. Na wako wanawake wengi huku ambao Shaabani huwakuta wangali na deni.

Jumatatu hiyo aliwapeleka watoto maktaba ya mji, wakarudi na mkoba mzito. Maktaba za mji huo ziliacha kutoza faini ya kuchelewesha vitabu tangu mwaka 2017, na tumelitaja jambo hili makusudi ili wakubwa wa maktaba zetu walisikie. Hisabu na Kiingereza vyaenda vizuri. Hatuna la kusema.

Jumatano ndiyo iliyotufurahisha. Theluji ilishuka kutwa, baba akaamka mapema, wakakaa wote chini kwenye zulia na kitabu cha safari za Ibn Battuta, tafsiri ya Kiingereza, baba akisoma na kuwageuzia kwa Kiswahili kila kipande. Kitabu hicho kilimalizika kuandikwa mwaka 1355, na ndani yake msafiri yule aeleza jinsi alivyofika Mombasa yapata mwaka 1331 akalala usiku mmoja. Alikuta watu wa madhehebu ya Imam Shafii, chakula chao ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka bara ya pwani. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, na mlangoni kisima na kata ya mti, mtu hanyanyui mguu kuingia ila ameuosha. Mtoto wa kati, mvulana wa miaka tisa, ambaye mamaye asema wiki nzima hakutamka neno la Kiswahili ila kwa kulazimishwa, akakatiza masomo kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Na nyanya aosha miguu hapo?" Baba akacheka, akamwambia kisima cha siku zile na cha leo si kimoja, akamweleza birika za misikiti ya Mji wa Kale.

Khalafu wakafungua mahali pengine katika kitabu kile kile, Ibn Battuta akiwa katika nchi za baridi za Waturuki wa kaskazini. Alivaa nguo tatu za manyoya na suruali mbili, asiweze kupanda farasi mpaka wenziwe wamnyanyue. Akitawadha kwa maji ya moto kando ya moto, maji yakamgandia ndevuni, akizitikisa yaanguka mithili ya theluji. Kusikia hivyo, mdogo wao wa miaka sita alijipaka maji kidevuni, akafungua mlango akatoka kutazama kama yataganda. Mama akamrudisha mbio.

Laiti barua ingeishia hapo. Alkhamisi mambo yaligeuka. Mama alikuwa amemwekea yule mvulana ahadi ya kuwa hapana likizo mpaka aihifadhi Juzuu Amma yote. Mtoto alianza na Suratun-Naas, akapanda hata akafika Surat Abasa, zimebaki mbili tu, an-Naba na an-Naazi'aat. Hapo akakwama. Mama alikuwa na saumu na usingizi, sauti ikapanda, mtoto akalia, akasema hataki tena. Mama naye alilia jikoni, na usiku ule ndipo alipotuandikia.

Mwanetu, twakujibu kwa upole lakini kwa uwazi. Lililokuelemea si Kiswahili. Lililokuelemea ni ile Ijumaa uliyoiweka wewe mwenyewe. Qur'ani iliteremka kwa muda wa miaka 23 hivi. Nani amemlazimisha mtoto wa miaka tisa aimalize juzuu kabla ya likizo ya skuli ambayo hata haisomi? Tumesomesha chuoni miaka mingi, na mtoto achelewaye kuhifadhi hatumwogopei. Twamwogopea aliyehifadhi kwa machozi, kwani akipata ndevu hukimbia.

Tena litazame hili. Mwanao amekwama katika Abasa, na pengine hajui sura hiyo yasimulia nini. Yasimulia khabari ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja mbio kwa Mtume (S.A.W.) kutaka elimu, na wakati ule Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na Mola akateremsha aya juu ya haki ya yule aliyejia kujifunza. Mueleze kisa hicho jioni moja, taratibu. Utamweleza kwa lugha gani? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipochapisha tafsiri yake ya Qur'ani mwaka 1969, walitumia Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichofika jikoni na barazani. Ukikiacha, mwanao atakuwa na Qur'ani asiyoijua maana, na nyanya asiyeweza kumuuliza.

Basi Kiswahili usikiache, ila kiondoe katika daftari. Kiwe lugha ya kisomo cha jioni, kama Jumatano ile, wala usimsahihishe kila neno.

Na wewe bwana mwenye nyumba, twakuomba jambo. Kazi yako ni ya usiku, twalijua. Lakini baina ya magharibi na isha majira haya ungali nyumbani. Wakati huo ndio waliokuwa wakisomeshwa wazee wetu. Sikiliza wewe kisomo cha mvulana, aya mbili tatu zatosha, na mkeo apumzike. Mwisho wa wiki wapelekeni msikitini wakakutane na watoto wenzao, kwani mtoto asomaye na nduguze peke yao hukosa wa kushindana naye na wa kucheza naye.

Nyanya yao tumekwenda kumwona nyumbani kwake. Amekubali kuwasikiliza kwa simu kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwetu, ambayo kwao ni saa tatu asubuhi, na mvulana amsomee Abasa mpaka hapo alipofika. Alituuliza kama huyo mdogo alipata mafua. Suala la pili la barua hiyo, juu ya karamu za majirani wasiokuwa Waislamu katika siku hizo za likizo, tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.