TABLIYE SI KAZI YA BURE

Wandugu wa Kindu, na ninyi wachimbaji wa Kalima, sikieni!

Mwaka 1917 Wabelgiji walitoa amri: mwanakijiji alime mimea waliyoitaka wao, hata siku 60 kwa mwaka. Wazee wetu wa Maniema wakalimishwa pamba kwa nguvu. Aliyekataa, fimbo au gereza. Na bei haikupangwa na mlimaji.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Lakini leo mama anakaa nyumbani, anakata kitambaa cha pamba, anapinda ukingo, anashona mfuko na kamba za tabliye. Mnunuzi anamwambia: “Nitalipa kitambaa na uzi tu, kushona ni kazi ya wanawake.” Huyo ni nani, kama si bwana wa pamba aliyerudi?

Mchimbaji, utakubali kulipwa bei ya koleo peke yake? Jasho lako lina bei. La mama vilevile!

Wamama, msiuze kila mtu kivyake. Kaeni pamoja, hesabuni kitambaa, uzi na saa za mikono yenu, pangeni bei moja. Nyumba inayokula jasho la mama bure haijapata uhuru.