Acheni kununua gari la matope kwa kuhesabu farasi

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, kazi imenibana na seva za mteja mmoja zimekataa kabisa kutulia. Leo sitaandika kuhusu programu. Nitaandika kuhusu magari, kwa sababu Jumamosi hii familia yetu ina kikao, na kama hakuna atakayesema ukweli mapema, tutazamisha pesa matopeni kwa mara ya pili.

Kisa ni hiki. Baba mdogo alipostaafu alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, sisi wengine tukaongezea, akanunua Prado ya petroli, V6 ya lita 4.0. Muuzaji alimwonyesha karatasi: nguvu farasi 276. Baba mdogo alinipigia simu siku hiyo kwa furaha. "Kijana wangu, farasi mia mbili sabini na sita! Hapa Kano hakuna kitakachonisimamisha."

Aprili 2024 mvua ikaja. Mnaoishi huku mnakumbuka ilivyokuwa Ahero na Nyando. Asubuhi moja baba mdogo alimpakia nyanya, ambaye ana kisukari na kidonda cha mguu kilichokuwa kinahitaji kuonwa na daktari Kisumu siku hiyo. Walikwenda kama mita 600 kutoka bomani. Halafu gari likakaa. Akakanyaga mafuta, likakaa zaidi. Akakanyaga kabisa, injini ikalia kama ndege inayoruka, na magurudumu yakachimba mpaka tumbo la gari likalala juu ya udongo.

Walikaa hapo saa nne. Kilichowatoa ni trekta la kubebea miwa, Massey Ferguson kuukuu ya nguvu farasi kama 75. Dereva wake hakupiga hata kelele ya injini. Alifunga mnyororo, akaingiza gia ya chini, akavuta polepole kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Gari likatoka. Akamwambia baba mdogo kwa heshima, "Mzee, gari ni zuri, lakini hili ni la lami."

Farasi 75 wamewatoa farasi 276. Mtu mwenye akili akiona hivyo anapaswa kuuliza swali. Baba mdogo aliuliza, ila akapata jibu baya: sasa anataka tuuze Prado tuongeze pesa tununue V8. Ndiyo hoja iliyo mezani Jumamosi. Na siyo yeye peke yake. Kila gereji ninayopita Kisumu nasikia wimbo huo huo: ukikwama, tafuta injini kubwa zaidi.

Nasema hivi: huo ni upuuzi. Na nitauonyesha kwa hesabu, si kwa kelele.

Farasi huhesabiwa wapi?

Nguvu farasi ni zao la vitu viwili: torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, na mizunguko ya injini kwa dakika. Fomula ni rahisi, hata kwenye simu unaweza kuipiga:

farasi = torki (kwa Nm) × mizunguko ÷ 7,024

Sasa soma ile karatasi ya muuzaji vizuri. Farasi 276 wa ile V6 wanapatikana injini ikizunguka mara 5,600 kwa dakika. Torki yake ya juu, Nm 380, inapatikana kwenye mizunguko 4,400. Nani anaendesha matopeni kwa mizunguko 5,600? Hakuna, isipokuwa yule ambaye tayari amekwama! Ukitambaa polepole uko kwenye 1,600 hivi. Hebu niipe V6 zawadi, nijifanye ina torki yake yote pale chini. 380 × 1,600 ÷ 7,024 ni farasi 86. Wale wengine 190 wamebaki kwenye karatasi.

Chukua Prado ya dizeli ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015. Karatasi inasema farasi 177. Mtu wa kuhesabu farasi anaicheka. Lakini turbo yake inaipa Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600. Piga hesabu: farasi 102. "Dhaifu" amempita "shujaa" mahali hasa tunapohitaji nguvu.

Na ile V8 ya petroli ya lita 4.6 anayoililia baba mdogo? Farasi 318 kwenye karatasi, torki Nm 460 kwenye mizunguko 3,400. Nikiipa zawadi ile ile, inafika 104. Yaani farasi wawili zaidi ya dizeli ya 2.8, na kwa hao wawili unabeba gari la zaidi ya tani 2 na nusu. Kwenye udongo wa Kano kila kilo ya ziada inakusukuma chini.

Udongo ndiye bosi

Lakini hata hayo si kiini cha hoja yangu. Kiini ni hiki: matopeni injini haiamui chochote. Udongo ndio unaoamua.

Tairi linaweza kusukuma gari kwa kiasi kile tu ambacho ardhi inakubali kushikwa. Ukizidisha, linateleza. Likiteleza, linachimba. Tuchukue gari la kilo 2,200, na tuseme udongo mweusi uliolowa unatoa mshiko wa asilimia 30 ya uzito huo. Msukumo mkubwa kabisa unaowezekana ni kama kilonyutoni 6.5. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, nguvu hiyo ni kilowati 9.

Kilowati 9 ni farasi 12.

Soma tena. Kumi na wawili! Ongeza mwendo mara mbili, wanakuwa 24. Ardhi haipokei zaidi ya hapo hata ukiweka injini ya ndege. Wale farasi wengine zaidi ya 250 wa baba mdogo walikuwa na kazi moja tu asubuhi ile: kuchimba kaburi la gari, na nyanya yangu akiwa amekaa ndani.

Sisi watu wa kompyuta tunaujua ugonjwa huu. Nikiwa mtoto kulikuwa na saiba moja hapa mjini ambayo mwenyewe alinunua kompyuta mpya zenye kasi, akapandisha bei. Kurasa zilifunguka polepole vile vile, kwa sababu njia yote ilikuwa ya setilaiti na ilikuwa nyembamba. Nafuu ilikuja baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009. Kama njia ni nyembamba, kuongeza nguvu upande wa mashine ni kuchoma pesa. Tairi ndilo njia yako ya matopeni, na baba mdogo alikuwa na tairi za lami, laini kama kisigino.

Ndiyo maana trekta lilishinda. Lina meno marefu yanayouma udongo, lina gia za chini kabisa, na dereva wake hana haraka.

Gia ndogo, siyo injini kubwa

Magari ya 4x4 ya kweli yana kile kiwiko au kitufe kilichoandikwa 4L. Kwenye Prado kinazidisha torki inayofika magurudumuni karibu mara 2.6. Hakiongezi farasi hata mmoja. Kinabadilisha mwendo kuwa nguvu. Ile Prado ya petroli ya 2.7 ambayo watu huiita ya kike (aibu kwao) ina Nm 246 tu. Ikiwa kwenye 4L, magurudumu yanaona kama Nm 630 za gari lililo kwenye gia za kawaida. Nilimuuliza baba mdogo kama siku ile aliweka 4L. Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo nilidhani ni ya mlimani." Miezi yote aliyokuwa na gari hakuwa ameigusa.

Tazameni pia Land Cruiser ndefu za hospitali na mashirika zinazopita huku Usenge, Mbita na Lambwe. Nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164 isiyo na turbo, iliyoanza mwaka 1990. Farasi wake ni kama 130 tu, lakini torki yake ya Nm 285 inapatikana mapema, kwenye 2,200, na pampu yake ni ya kimekanika. Fundi wa kijijini anaifungua kwa spana, haihitaji kompyuta. Kwa miaka zaidi ya 30 watu ambao kazi yao ni kufika wameichagua injini ambayo muuzaji wetu angeiita dhaifu.

Na Suzuki Jimny je? Ya 2018 ina lita 1.5, farasi 102, Nm 130. Lakini ina uzito wa tani moja na kidogo, na ina 4L. Mahali Prado inapozama, hiyo mara nyingi inapita juu kama bata.

Kosa hili linafika mpaka serikalini

Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri waachane na magari makubwa wachukue yasiyozidi cc 1,800, zikaja Volkswagen Passat. Baadhi yao walilalamika kwamba hazifai barabara za mashambani. Walisema kweli, ila ubishi ukageuka wa cc. Tatizo la Passat mashambani ni tumbo kuwa chini na kukosa 4L. Ipe cc 4,000, bado itakwama.

Sheria ya Fedha ya 2019 nayo ilipandisha ushuru hadi asilimia 35 kwa dizeli inayozidi cc 2,500 na petroli inayozidi cc 3,000. Kwa kipimo hicho dizeli ya 2.8 na V6 ya 4.0 zinalala kitanda kimoja, huku petroli ya 2.7 ikiponea. Kwa hiyo usifuate farasi wala cc peke yake. Zote mbili ni namba za kuandikia karatasi.

Nguvu ina mahali pake

Sitaki mseme nimekuwa mlokole wa injini ndogo. Nguvu inahitajika. Ukipanda kutoka Awasi kwenda Kericho nyuma ya trela, farasi 100 kwenye gari la tani 2 ni hatari, huwezi kulipita kwa usalama. Kuna pia suala la hewa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake. Ukipanda Nandi inapoteza zaidi. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Na ukivuta mashua kwa trela kutoka ufukweni, torki ya dizeli utaishukuru.

Basi kipimo changu ni hiki. Kwa gari la tani 2 hivi, farasi 150 hadi 180 wanatosha kabisa, mradi:

1. Torki yake ianze chini ya mizunguko 2,000. Kama ni petroli, basi hakikisha 4L ipo, na uitumie.
2. Gari liwe jepesi kadiri mkoba na familia vinavyoruhusu.
3. Fundi wa karibu awe anaijua injini hiyo. Dizeli ya kisasa haipendi mafuta machafu ya pipa. Ikiwa huna kituo cha kuaminika, chukua petroli.
4. Pesa unayookoa kwenye injini iende kwenye tairi za meno, kamba ya kuvutia, koleo na pampu ya upepo. Kabla ya kuingia kwenye matope, punguza upepo kutoka 35 hadi kama 20, kisha ujaze tena ukifika lami.

Jumamosi nitasimama mbele ya wazee na kusema: tusinunue V8. Tuuze hii V6 tutafute 2.7 ya petroli, kwa sababu Ahero fundi wa kuitengeneza hakosekani, tuvalishe tairi zinazofaa, na pesa itakayobaki tuitie kwenye matibabu ya nyanya. Najua nitaambiwa mtoto wa kompyuta anajua nini kuhusu magari. Nitajibu kwa adabu: "Baba, mimi sijui magari. Lakini kumi na mbili najua kuihesabu."

Nyanya mwenyewe siku ile alifika Kisumu saa tisa alasiri. Daktari alikuwa ameondoka, ikabidi arudi wiki iliyofuata. Kidonda kimepona sasa, asante Mungu, ila kidole kimoja hakipo. Sisemi ni kosa la injini. Nasema tu kwamba tulilipia farasi 276 ili siku moja kama ile wasaidie, na siku ilipofika walituangusha.

Niombeeni. Nikirudi hai kutoka kikaoni nitawaeleza yaliyotokea :-)