Mbuzi Anapomkataa Mwanawe

Katika nchi yetu ya Ituri, mbuzi ni akiba ya mtu mnyonge. Kwa mbuzi mmoja baba hulipa ada ya shule ya sekondari, na mama hununua dawa. Tangu vita vya 1999, na tena tangu 2017, jamaa nyingi za Djugu na Irumu zimepoteza mifugo yao. Kwa mtu anayeanza upya na majike mawili tu, kufa kwa kitoto kimoja si hasara ndogo. Basi leo twataka kunena juu ya mbuzi azaaye, kisha akamwacha mwanawe.

Kwanza tuulize: je, amemkataa kweli? Mbuzi, kama mboloko wa mwituni, aweza kumlaza mwanawe mahali pa siri, akaenda kula, kisha akarudi kumnyonyesha. Mtoto aliyeshiba hulala kimya. Ninyi wanafunzi mnaochunga, msimwokote upesi. Simameni mbali mtazame. Lakini mtoto anayelia bila kukoma, tumbo lake bapa na mgongo umejikunja, huyo ana njaa. Na mama anayempiga pembe kila akaribiapo, huyo amemkataa.

Yako mambo yanayomfanya akatae. Mama humjua mwanawe kwa harufu, naye huishika harufu hiyo anapomlamba katika saa za kwanza. Watu wakimzunguka, wakamchukua mtoto na kumwosha, harufu hupotea. Mfarika azaaye mara ya kwanza huogopa. Mwenye pacha huenda akamsahau mmoja. Tena yuko anayepiga teke kwa kuwa kiwele chamwuma. Kwa hiyo msimpige; kipapaseni kiwele. Kikiwa kigumu na cha moto, au maziwa yana mabonge au damu, mwiteni veterinari, na mtoto apewe maziwa ya mbuzi mwingine.

Kama kiwele ni kizima, kamueni matone machache ili chuchu zizibuke. Mpakeni mtoto maziwa ya mama huyo, mnyunyizieni na chumvi kidogo mgongoni, ili mama avutwe kumlamba. Mfungeni mama kwa kamba fupi, mtu amshike, mtoto anyonye; fanyeni hivyo mara nyingi mchana, na usiku pia. Wawekeni wawili hao peke yao katika kizizi kidogo. Mara nyingi, baada ya siku chache, mama humkubali.

Lakini tumbo la mtoto haliwezi kungoja siku hizo. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano yaitwayo dang'a, wako wanaoyamwaga wakidhani ni machafu. Hilo ni kosa kubwa. Mwana-mbuzi huzaliwa bila kinga ya magonjwa. Huipata katika dang'a, na baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea. Apewe katika saa chache za kwanza, na katika siku hiyo apate sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 2 apate mililita 200, kidogo kidogo. Mama asipokuwa nayo, tafuteni ya mbuzi mwingine aliyezaa karibuni, au ya ng'ombe.

Bunia iko juu ya mita 1200, na usiku wake una baridi. Tieni kidole kinywani mwa mtoto: kinywa kikiwa cha baridi, mpasheni moto kwanza, ndipo anyweshwe. Maziwa yawe na uvuguvugu, chupa iwe imechemshwa. Mtoto asimame wakati wa kunywa. Msimlaze chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Chupa ni msaada tu. Kila siku mrudisheni mtoto kwa mama yake, kwa maana mama akimkubali, jamaa imeokoa kitoto, imeokoa na maziwa ya kununua. Mwenye subira ya siku chache hupata mbuzi wa miaka mingi.